Niache Kiwanda cha Chai Niende Kwenye Sola?

Mimi ni binti wa miaka 26, mhandisi mitambo katika kiwanda cha chai Mufindi, mwaka wa pili sasa. Meneja wangu ni mtu mwema: ananisikiliza, ananiruhusu kwenda mafunzo, na wazo langu likigoma hanisimangi. Ila nilisomea uhandisi nikiwa na ndoto ya kazi za kulinda mazingira. Wenzangu wa chuo wako Dar kwenye kampuni za sola, mimi nashinda na boila na moshi wa kuni. Naona kama nimepotea njia. Niache kazi?
Binti wa Boila, Mufindi

Usiache, walau kwa sasa. Wenzako wana kazi ya heshima, lakini wewe umekalia jambo ambalo paneli zao haziligusi kirahisi, nalo ni joto. Majani yananyaushwa, yanakatwa, yanachachushwa, yanakaushwa. Mvuke wa kukaushia unatoka kwenye boila, na boila inakula miti. Sola itakuwashia taa na kuzungusha mota kadhaa. Kukausha chai ya kiwanda kizima ni habari nyingine.

Basi anzia kwenye kuni. Gogo bichi la mkaratusi linaweza kuwa nusu yake maji. Ukisukuma tani moja ya magogo hayo tanuruni, umesukuma na kilo 500 za maji, na moto utayachemsha yote kwanza kabla haujakupa mvuke wa kazi. Kuni hizo hizo zikikauka mpaka maji yabaki asilimia 20 ya uzito wake mpya, zinabeba kilo 125 tu. Hapo sijataja hasara nyingine: kuni mbichi hupoza tanuru, gesi zinatoka bila kuungua, na huo ndio moshi unaoulalamikia. Dawa yake haina fahari yoyote. Magogo yapasuliwe membamba, yapangwe kwa nafasi upepo upite, yaezekwe juu. Kwa baridi na ukungu wa Mufindi, shughuli hiyo ifanyike kiangazi, kabla mvua za Novemba hazijaanza.

Kabla hujagusa chochote, pima. Omba mizani na kipima unyevu cha kuni, kisha uandike kila siku: kilo ngapi za kuni kwa kila kilo ya chai kavu. Viwanda vingi huhesabu kuni kwa mita za ujazo, na mita ya ujazo haikwambii kama umenunua mti au maji. Bila takwimu za kabla, hata ukiokoa nusu ya msitu hakuna atakayeamini kuwa ni wewe.

Na kaa na mchochea boila. Yule mzee anajua kwa rangi ya moshi mambo ambayo chuo hakikukufundisha. Mwamkie, msaidie zamu moja au mbili, ndipo umuulize. Wahandisi vijana wengi hukosea hapa: wanaingia na daftari na amri, wanashangaa kwa nini vipimo vya usiku vinaandikwa kwa kubuni.

Sasa meneja wako. Wema wake ni mtaji, na mtaji usipotumika unakaa bure. Usimpelekee hotuba ya tabianchi; mpelekee karatasi moja yenye gharama ya banda la kuni, kuni zitakazookolewa kwa msimu, na miezi ya kurudisha fedha. Mwombe pia kiti wakaguzi wanapokuja, wawe wa Rainforest Alliance kama shamba lenu lina cheti chao, au wa serikali wanaokagua kwa sheria ya mazingira ya mwaka 2004. Utajifunza maswali ambayo wanunuzi na serikali wanauliza. Halafu omba majukumu hayo yaandikwe kwenye barua yako ya kazi. Mameneja wema huhamishwa, na anayekuja hatajua mlichoahidiana mkinywa chai.

Usajili wako Bodi ya Usajili wa Wahandisi usiuache nyuma. Kama hujaingia kwenye mafunzo yao ya vitendo, ingia, na mradi wa kuni uwe sehemu ya kumbukumbu zako. Ukishakuwa mhandisi mtaalamu, muhuri wako utasimama popote nchini. Baadaye soma kiwango cha ISO 50001 cha usimamizi wa nishati, toleo la 2018. Vyeti vya wikendi vyenye neno “kijani” sivitukani, ila mwajiri makini atauliza umepunguza nini na kwa kiasi gani.

Kuna siku ya kuondoka pia. Ukipeleka mapendekezo yenye hesabu safi, yakasifiwa kila kikao, na mwaka mzima ukapita bila shilingi kutengwa, elewa kuwa unapendwa lakini huendelezwi. Hapo tafuta kwingine, na utaondoka na takwimu zako kichwani, ambazo kampuni yoyote ya nishati itataka kuzisikia.

Kwa sasa kamuulize meneja kuni za msimu ujao zinakatwa lini. Ukishakuwa na vipimo vya kiangazi na vya masika, niandikie. Nina hamu ya kuona tofauti yake.