Barua Halali Inapopotea Katika Chujio

Apepetaye mpunga pale Ifakara ajua kwamba upepo hauna macho. Hutenganisha kwa uzito tu, na punje nyepesi, ingawa ni njema, huruka pamoja na pepe. Chujio la barua pepe nalo hufanya kazi kwa dalili.

Mfanyabiashara mmoja wa mchele katika Bonde la Kilombero alipeleka ankara kwa mnunuzi wa Dar es Salaam. Siku nne zikapita kimya. Mnunuzi, akidhani amepuuzwa, akanunua kwingine. Kumbe ankara ilikuwa imefika, ila imelala katika sanduku la barua taka.

Chujio huamuaje? Tuchukulie kwamba limekwisha kusoma barua taka 1,000 na halali 1,000, na kwamba maneno “lipa haraka” yamo katika taka 400 na halali 100. Ikiwa aina hizo mbili huja kwa idadi sawa, barua mpya yenye maneno hayo ina uwezekano wa 400/500, yaani 0.8, wa kuwa taka. Hesabu hii yatokana na kanuni ya mchungaji Mwingereza Thomas Bayes, iliyochapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kufariki kwake. Mwanafunzi na aone: katika kila barua tano za namna hii, moja ni halali. Kosa limo ndani ya hesabu yenyewe.

Hata hivyo, si maneno yaliyomponza mfanyabiashara wetu. Mwenye jina lake baada ya alama ya @ hutangaza katika kumbukumbu za intaneti orodha ya seva zilizoruhusiwa kupeleka barua kwa jina hilo. Yeye alikuwa amehamia seva mpya, na orodha ikabaki ya zamani. Barua yake ikafanana na ya mlaghai aliyeiba jina. Tangu Februari 2024 Google humtaka kila apelekaye barua kwenye Gmail awe na orodha hiyo au saini ya kidijiti.

Uchunguzi uanze kwa simu: mpokeaji atazame sanduku la taka. Akiikuta barua, aionyeshe kuwa si taka, kwani chujio hujifunza. Asipoikuta, mpelekaji asome jibu la seva. Tarakimu ya kwanza ikiwa 4, barua imeahirishwa na itajaribiwa tena. Ikiwa 5, imekataliwa, na kuirudia bila kusahihisha kitu ni kazi bure.

Zoezi: Ikiwa barua halali zinazofika ni mara nne ya taka, uwezekano ule wa 0.8 utakuwa ngapi?