Mgonjwa wa Figo na Auchunge Moyo Wake

Tukisikia kwamba fulani ana maradhi ya figo, mara mawazo yetu huikimbilia mashine ya kusafisha damu. Twadhani hatari yote i huko. Kumbe sivyo. Wagonjwa wengi wa figo hufa kwa maradhi ya moyo kabla hawajaihitaji mashine hiyo. Mwaka 2004 wataalamu wa California, Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya milioni 1: kadiri figo zilivyopungua nguvu, ndivyo vifo na maradhi ya moyo yalivyozidi.

Sababu zake ni hizi. Figo zikidhoofika, chumvi na maji hubaki mwilini, shinikizo la damu hupanda, na moyo huchoka kwa kusukuma mzigo mzito. Tena madini ya fosfati hayatoki yapasavyo, na mishipa hushikwa na chokaa ikawa migumu.

Iko na sababu nyingine isiyojulikana na wengi, nayo ni shahamu ya moyo. Kila moyo umefunikwa kwa shahamu kidogo, ambayo ina kazi yake njema. Lakini ikizidi hugeuka adui, kwa kuwa hapana utando uitengao na misuli ya moyo wala na mishipa iulishayo. Sumu itokayo humo hupenya moja kwa moja. Wataalamu wameona kwamba wagonjwa wa figo, kwa wastani, wana shahamu hiyo nene kuliko watu wenye figo nzima. Wala tusidanganywe na umbo la mtu, maana hata mwembamba aweza kuwa nayo. Huonekana kwa picha ya moyo tu.

Je, jambo hili latuhusu sisi wa Songwe? Naam. Uchunguzi wa watu wazima 481 wa Moshi, uliotangazwa mwaka 2015, ulikuta maradhi ya figo kwa watu 7 katika kila 100. Mjini walikuwa 15, vijijini 2. Tena wengi wa wagonjwa hao hawakujijua. Basi tuutazame mji wetu wa Tunduma. Dereva hukaa kitini mchana kutwa, kisha hungoja zamu ya kuvuka mpaka. Chakula chake ni chipsi na nyama yenye chumvi tele. Akiumwa mgongo, hununua dawa za maumivu kama diklofenaki, ambazo zikizoewa huziumiza figo. Mfanyabiashara naye huketi dukani hadi usiku.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini maradhi ya figo hunyesha pasipo wingu. Avimbaye miguu amekwisha chelewa. Kwa hiyo mwenye kisukari au shinikizo la damu asingoje: apimwe damu na mkojo kila mwaka. Aliyekwisha ambiwa figo zake ni dhaifu, amwulize daktari habari za moyo wake pia. Apunguze chumvi, aache tumbaku, atembee kwa miguu, apunguze unene ikiwa anao, wala asiache dawa kwa kuwa amejisikia nafuu.

Kupima shinikizo la damu ni kazi ya dakika chache katika kituo cha afya kilicho karibu. Safari ya kwenda Mbeya kusafishwa damu ni kilomita zipatazo 100, tena hurudiwa kila juma. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.