Kusitiri Si Kuficha

Lugha yetu ina maneno mengi ya kitendo cha kufanya ovu lisionekane. Twasema kuficha, kufunika, kufukia, kuziba, kufumbia macho, kukingia kifua, kuzima, na tena kusitiri. Mgeni wa lugha aweza kudhani ya kuwa yote ni mamoja. Sivyo. Yatupasa kuyapambanua, maana katika kundi hili limo neno moja jema ambalo waovu hupenda kuliazima, na likiazimwa kuna mtu huumia.

Tuanze na ficha. Neno hili ni la asili ya Kibantu, na ndugu zake wako mbali: Wanyarwanda na Warundi husema guhisha, Wakikuyu husema hitha. Maana yake ni kuondoa kitu machoni pa watu. Lenyewe halina lawama: mama huficha sukari, na mtoto hujificha mchezoni. Lawama hutokana na kile kilichofichwa.

Funika ni kuweka kitu juu ya kitu. Wahenga walisema, "Funika kombe mwanaharamu apite." Wengi hulishika neno funika na kulisahau neno apite. Kombe hufunikwa kwa kitambo tu. Mtu yule akishapita, hufunuliwa na wenye chakula wakala. Alifunikaye daima atakuta chakula kimechacha.

Fukia ni zaidi, kwa kuwa ni kutia udongo shimoni. Afukiaye hana nia ya kurudi. Kumziba mtu mdomo ni kumpa fedha, au hofu, ili asiseme. Kufumbia macho ni kosa la mtazamaji: hakutenda wala hakuficha, ila aliona akakubali kutoona. Kumkingia mtu kifua ni kosa la mwenye cheo, asimamaye mbele ya mkosaji ili swali lisimfikie. Kuzima ni neno la ofisini: kesi huzimwa kama taa, faili likakaliwa, shahidi asiitwe.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Katika Kiswahili mwisho wa -ua hupindua maana ya kitendo: tega hupata tegua, anika hupata anua. Vivyo hivyo ficha hupata fichua, funika hupata funua, fukia hupata fukua, ziba hupata zibua, na fumba hupata fumbua. Ni kana kwamba lugha yenyewe yatuonya kuwa kila kilichofichwa kinaingoja siku ya kufichuliwa. Nao wazee waliongeza, "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Je, sitiri? Hakuna asemaye "sitirua". Mjuzi wa sarufi atatujibu kuwa neno hili limetoka katika Kiarabu, na maneno ya asili hiyo kwa kawaida hayapokei mwisho huo. Naye asema kweli. Lakini tukitafuta kinyume chake twapata fundisho kubwa. Kinyume cha kusitiri si kufichua, bali ni kuaibisha, kufedhehesha. Kuficha kwahusu tendo. Kusitiri kwahusu mtu. Nguo husitiri mwili. Mwosha maiti husitiri aliyoyaona, ndiyo sababu twasema, "Aibu ya maiti aijuaye mwosha." Stara ni haki ya mnyonge, yaani yule ambaye akianikwa mbele za watu ataumia, wala hapana atakayefaidika.

Hapo ndipo neno huazimwa. Mtoto amenajisiwa na ndugu wa karibu. Wakubwa hukaa kikao, mmoja akasema, "Jambo hili tulisitiri, tusiuaibishe ukoo." Fedha hutolewa, au mbuzi, watu hupeana mikono, wakasema wameyamaliza nyumbani. Basi tuulize swali moja tu: aliyefunikwa ni nani? Siye mtoto. Yeye ameachwa bila kinga, aendelee kumwamkia kwa heshima yule aliyemdhuru. Aliyefunikwa ni mkosaji. Hapo hapakusitiriwa mtu, palifukiwa tendo. Kumsitiri mtoto yule ni kutolitaja jina lake kisimani wala sokoni, huku habari ikipelekwa upesi kwa wenye mamlaka. Mambo haya mawili hayapingani hata kidogo.

Wala hili si shauri la hiari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania, katika kifungu cha 95, humpa kila mwanajamii aliye na ushahidi au habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuarifu mamlaka ya serikali za mitaa ya mahali pake. Katika vituo vingi vya polisi lipo pia Dawati la Jinsia na Watoto.

Nasi tulio ndani ya Kanisa tusijitoe katika somo hili. Katika nchi kadhaa wakubwa wa Kanisa waliwahamisha wakosaji kutoka parokia moja hadi nyingine, wakidhani wanalisitiri Kanisa. Mwezi Mei 2019 Papa Fransisko alitoa barua iitwayo Vos estis lux mundi. Humo aliwaamuru mapadre na watawa watoe taarifa za udhalimu dhidi ya watoto, akahesabu kuwa kosa pia tendo la wakubwa wanaozuia au kukwepa uchunguzi.

Tumalize kwa zoezi la nyumbani. Jioni, baada ya chakula, wazazi na watoto watafute neno lifaalo kwa kila jambo. La kwanza: mweka hazina wa chama amekula fedha, mwenyekiti ajua, naye awakataza wanachama wasiulize. La pili: mjane ameishiwa unga, jirani ampelekea usiku, asimwambie mtu. La tatu: mwalimu ameona alama za fimbo mgongoni mwa mwanafunzi, akageukia ubao. Majibu ni kukingia kifua, kusitiri, na kufumbia macho. Atakayesita asifungue kamusi kwanza, bali ajiulize: anayefunikwa hapa ni mnyonge, au ni mkosaji?