Mbizi Diani, Kulala Wote

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Wote, umri miaka 36. Likizo hii walimu tumechanga pesa twende Diani siku nne. Kuna kampuni inayotuuzia kupiga mbizi kwa watu wasiojua: asubuhi somo kwenye bwawa la hoteli, alasiri mbizi mbili baharini. Wamelipanga jambo hilo siku ya mwisho, na usiku huohuo tunapanda basi kurudi nyumbani. Nilipokuwa mtoto nilikuwa na pumu. Mume wangu, ambaye kwao ni Mwingi, hataki hata kusikia habari hii. Anasema wapiga mbizi ni watu wa kutafuta maiti. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, nianze na bwana wako, maana hofu yake ina tarehe. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya na jamaa zao kwenda harusini Nuu lilizama katika mto Enziu, karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Miaka miwili kabla ya hapo, 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni likiwa na mama na bintiye. Lilikuja kuopolewa 11 Oktoba kutoka kina cha takriban mita 58, na marehemu wale wawili wakaletwa kuzikwa Makueni. Mara zote mbili tuliwaona wapiga mbizi kwenye runinga, wakiwemo wa Jeshi la Wanamaji, na mara zote mbili tulikuwa tukilia. Mtu aliyekulia Mwingi akikwambia mbizi ni kazi ya matanga, msikilize kwanza.

Lakini kazi ile na mchezo mnaouziwa nyinyi ni mbali na mbali. Aliyeshuka Enziu aliingia kwenye maji ya tope yanayokwenda kasi. Mita 58 za Likoni ni zaidi ya mita 40, ambazo ndizo kikomo cha mtu anayepiga mbizi kwa starehe, tena mwenye mafunzo ya juu. Mwanafunzi aliyemaliza kozi ya kwanza haruhusiwi kupita mita 18. Wewe, ambaye hujafanya kozi yoyote, hutashuka chini ya mita 12, na mwalimu wako anatakiwa kuwa karibu nawe kiasi cha kukushika wakati wowote.

Tena kuna njia kadhaa za kuona chini ya bahari, na baadhi hazihitaji mtungi wa hewa kabisa. Ya kwanza ni miwani na mrija wa kupumulia, ambayo vijana wa ufukweni huiita snokeli. Unaelea kifudifudi juu ya maji na kuangalia matumbawe. Wanaokwenda Kisite-Mpunguti, kule Shimoni, wengi wao hufanya hivyo, na kwa mtu wa bara anayevaa jaketi la kuelea ningeiita starehe nzuri kuliko zote. Ya pili ni mbizi ya pumzi moja, wanayoitumia tangu zamani wavuvi wa pweza na wa majongoo bahari kule Gazi na Vanga. Ya tatu ni hiyo ya mtungi. Wapo pia wanaozamia kwa ajili ya elimu: kati ya 1976 na 1980 wapiga mbizi waliichimbua Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697. Kama unafundisha historia, vitu vilivyopatikana utavikuta kwenye jumba la makumbusho pale ngomeni, wala hutalowa.

Hiyo ya pumzi moja nina neno nayo, kwa sababu watoto wetu huifanya kwenye masilanga, yaani mabwawa ya maji, na kwenye vidimbwi vya mto Athi bila kujua ina jina. Hushindana nani atakaa chini muda mrefu. Mjanja mmoja huhema harakaharaka kwanza ili apate nguvu. Kinachotufanya tutamani kupumua ni kaboni dioksidi inapoongezeka mwilini. Kuhema huko kunaifukuza, lakini oksijeni haiongezeki kwa kiasi cha maana. Basi mtoto anakaa chini bila kusikia shida, oksijeni inakwisha, na anazimia kimyakimya. Hapigi kelele wala hatapitapi. Wenzake huhesabu wakidhani anashinda. Mwalimu, hilo lipeleke darasani hata kama Diani hutaenda.

Sasa pumu yako. Kila mita 10 za bahari huongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu yetu tukiwa ufukweni. Hewa unayovuta kutoka kwenye mtungi ukiwa mita 10 chini itatanuka mara mbili ukifika juu. Ndiyo maana amri ya kwanza ya mbizi ya mtungi ni kutozuia pumzi kamwe, hata sekunde. Mwenye pumu anaweza kutii amri hiyo na bado akaumia, kwa kuwa njia zake ndogo za hewa zikibana, hewa hunaswa ndani na kutanuka humohumo hadi pafu lipasuke. Kwa hiyo nataka kujua mara ya mwisho ulipobanwa kifua ilikuwa lini. Je, baridi, vumbi, mbio au woga hukuletea kukohoa au kifua kupiga filimbi? Unatumia inhela? Ukijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, chukua mrija na jaketi, mtungi uuache. Kama pumu iliondoka utotoni na haijarudi, bado usitie sahihi fomu ya afya ya kampuni kabla daktari hajakupima nguvu ya mapafu kwa kipimo cha kupuliza. Kuna watu hudanganya kwenye fomu hiyo ili wasikataliwe. Mjamzito, mwenye kifafa, aliyetoboka ngoma ya sikio, na yeyote mwenye mafua siku hiyo, wasishuke.

Lililonishtua zaidi katika barua yako, hata hivyo, ni basi la usiku.

Hewa ya mtungi wa kawaida ni kama hii tunayovuta, na sehemu yake kubwa, karibu asilimia 79, ni naitrojeni. Ukiwa chini, shinikizo huisukuma naitrojeni iingie kwenye damu na nyama za mwili. Ukipanda polepole inatoka kwa mapafu bila madhara. Ndiyo maana watakupandisha kwa mwendo usiozidi mita 9 hivi kwa dakika, na pengine wakusimamishe dakika tatu kwenye mita 5. Lakini haitoki yote. Inayobaki huendelea kutoka kwa saa nyingi baada ya wewe kuoga na kula samaki. Katika saa hizo, ukipanda mahali ambako hewa ni nyepesi, iliyobaki inaweza kutoka kwa povu, ikaziba mishipa na kuumiza viungo au uti wa mgongo.

Kila mtu amesikia kwamba mpiga mbizi hapandi ndege siku hiyohiyo. Watu wa pwani hawana sababu ya kufikiria zaidi ya ndege. Sisi tunayo. Kanuni zinazotumika duniani zinahesabu kuanzia mita 600 juu ya usawa wa bahari, na hizo unazifikia karibu na Voi. Kibwezi ni karibu mita 900. Wote na Kitui mjini ni zaidi ya 1,000, na milima ya Mbooni inapanda juu zaidi ya hapo. Ndege ya abiria yenyewe huweka hewa ya ndani kama ya mahali penye mita 2,400 au chini ya hapo. Kwa damu yako, basi la Wote ni ndege ndogo yenye magurudumu, na treni ya kwenda Emali ni hivyohivyo.

Baada ya mbizi moja, ngoja angalau saa 12 kabla ya kupanda. Baada ya mbizi mbili au zaidi, angalau saa 18. Nyinyi mtatoka majini saa kumi jioni na kufika Voi kabla ya saa saba usiku. Mtakuwa hamjafika hata nusu ya saa hizo 18.

Mkikosea, dalili nyingi huanza ndani ya saa chache, na karibu zote ndani ya siku moja: bega au goti kuuma bila kuumizwa, ganzi, ngozi kuwasha na kutoka madoa, kizunguzungu, miguu kukosa nguvu, mkojo kugoma kutoka, uchovu usioelezeka. Ukiamka Wote na hayo, utapimwa malaria. Sitamlaumu mhudumu wa afya, maana ni nadra kuletewa mgonjwa aliyetoka chini ya bahari. Mwambie mwenyewe, kwa sauti: jana nilipiga mbizi kwa mtungi. Omba oksijeni ya maski, kwa kiwango cha juu kabisa, ulale chali, unywe maji kama una fahamu zako. Na kuna jambo moja la kwetu: tumezoea kwamba mgonjwa mahututi hukimbizwa Nairobi. Nairobi ni juu zaidi, karibu mita 1,700, na kila mlima wa barabara unaweza kuongeza povu. Tiba ya ugonjwa huu ni chumba maalumu cha shinikizo, hivyo kabla hamjalipa, iulizeni kampuni kilicho karibu kiko wapi na simu yake ni ipi. Iandike kwenye karatasi, simu yako inaweza kuishiwa na chaji.

Sioni haja ya kufuta safari. Daktari akikuruhusu, hamisheni mbizi iwe asubuhi ya siku ya pili, siku ya tatu mwende snokeli, ya nne mrudi. Bwana wako naye aje, akae kwenye mashua. Na mwenye kampuni akikwambia basi halina neno kwa kuwa si ndege, msimlipe, mtafute kampuni nyingine.