Kutoka Bwana Afya hadi Bwana Msa: Sayansi na Utunzi katika Maisha ya Muhammed Said Abdulla

Mwanafunzi wa Huruma, Nairobi, anayeacha shahada ya sayansi ili asome Kiswahili huulizwa nyumbani swali moja: utakula nini? Swali hilo si la dharau. Katika nyumba ya chumba kimoja, ambayo kodi yake hutokana na kibarua, mtoto aliyefaulu kemia ni tegemeo la wengi. Makala haya yanalitazama swali hilo kupitia kwa Muhammed Said Abdulla.

Abdulla alizaliwa Unguja mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika Idara ya Afya. Yaani bwana afya, kama wale wanaokagua hoteli na vibanda vya chakula mitaani mwetu. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Ilipita takriban miaka kumi ndipo hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipopata tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957/58. Ilichapishwa mwaka 1960.

Je, aliitupa sayansi? La hasha. Bwana afya hafuati uvumi. Hukagua kisima, choo na mfereji wa majitaka, ndipo aseme ugonjwa umetoka wapi. Bwana Msa ana tabia iyo hiyo. Maiti ikionekana mzimuni, wengine huogopa mizimu. Yeye, kiko mdomoni, hutafuta mkono wa binadamu. Wahakiki humfananisha na Sherlock Holmes, nao hawakukosea, ila aghalabu husahau kwamba Arthur Conan Doyle naye alikuwa daktari, akaacha udaktari mwaka 1891 ili aandike.

Sasa turudi kwenye chakula. Abdulla hakuishi kwa riwaya. Mwaka 1958, baada ya kuyatumikia magazeti kadhaa, alianza kuhariri Mkulima, jarida la kilimo, naye alikaa hapo hadi alipostaafu mwaka 1968. Kwa maoni yangu, hili ndilo jibu la kumpa mzazi wa Huruma bila kumdanganya: kalamu inayolipa kodi huenda isiwe ile inayotunga. Kisima cha Giningi kilitoka mwaka uo huo wa 1968. Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu na Mwana wa Yungi Hulewa zilifuata kati ya 1973 na 1976, mwandishi akiwa amekwisha kupita umri wa miaka hamsini.