NYUMBA YA KASUKU UANI
Namna ya kuijenga kwa fedha kidogo na kwa salama

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu akitunzwa vyema aweza kuishi miaka 40 au zaidi. Watu wengi hawalifikiri neno hili wanapomtundika katika tundu dogo la waya barazani. Tundu lile halimtoshi hata kuyakunjua mabawa yake sawasawa, naye atakaa humo umri wa mtu mzima. Si ajabu basi kwamba wengi hujinyofoa manyoya mpaka kifua kikawa kitupu. Ndege huyu ni wa akili nyingi na wa kuruka mwendo mrefu. Akinyimwa yote mawili hujidhuru mwenyewe.

Tumeona Malindi mzee mmoja aliyetaka kumwondolea kasuku wake dhiki hiyo. Alimjengea tundu kubwa uani, la wavu wa kuku na mlango mmoja. Siku moja wakati wa kusi mtoto aliingia na chakula, ndege akashtuka, akapita juu ya kichwa cha mtoto na upepo ukamchukua. Siku mbili alisikika katika minazi akiita jina la mzee kwa sauti ya marehemu mkewe, kama alivyozoea. Siku ya tatu hakusikika tena. Mzee yule hakukosa huruma, wala hakukosa fedha, bali alikosa mlango wa pili. Kwa hiyo twaandika somo hili, ili mwenye nia njema kama yake apate kujua fedha zitumike wapi na ziwekwe akiba wapi.

KIBALI KWANZA

Kabla ya kununua hata msumari mmoja, mwenye kasuku yampasa awe na haki ya kumfuga. Kasuku wa kijivu wamewindwa na kuuzwa mno katika misitu yao, tangu Afrika ya Magharibi hata Kongo na Uganda. Katika Kenya wamebaki wachache mno katika msitu wa Kakamega. Mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ndio ulioamua kuikataza biashara ya kasuku wa mwituni baina ya nchi na nchi, na katazo hilo lilianza mwaka 2017. Katika Kenya, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 yataka kibali, na mwenye kukitoa ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ambalo lina ofisi Malindi. Mwaka 2021 shirika hilo liliwapa wenye kasuku muda wa kuwaandikisha pasipo kushtakiwa. Muda huo umekwisha. Asiye na kibali na aende kuuliza kabla ya kuulizwa.

Pwani yetu ina kasuku wake wa asili pia, mdogo kidogo, wa kijani mwenye kichwa cha rangi ya kahawia, ambaye huonekana katika minazi na katika miti ya mashamba. Huyo aachwe huko huko alipo. Somo hili ni la ndege ambaye tayari yumo mikononi mwa watu na hawezi kurudi mwituni.

MAHALI NA UPEPO

Nyumba nyingi za zamani za pwani zina ua wa mawe ya matumbawe. Mwenye ua wa namna hiyo amekwisha kupata nusu ya kazi yake. Na atafute pembe ambayo ukuta wa kusini wakutana na ukuta wa magharibi. Ukuta wa kusini huzuia upepo wa kusi na mvua za masika. Ukuta wa magharibi huzuia jua kali la alasiri. Upande wa mashariki huachwa wazi upate jua la asubuhi, na wa kaskazini huachwa wazi upate hewa. Asiye na ua itampasa kujenga kuta hizo mbili: moja ya futi 12 na ya pili ya futi 6, zote za kimo cha futi 7.

Yafaa mahali penyewe pawe karibu na dirisha la chumba cha kulala, kwa sababu ya wezi, lakini mbali na jiko. Moshi wa kuni, dawa ya kupuliza ya mbu na moshi wa dawa ya mbu huyadhuru sana mapafu ya ndege.

VIPIMO

Nyumba ya kutosha kasuku wawili iwe na urefu wa futi 12, upana wa futi 6 na kimo cha futi 7. Urefu una faida kuliko kimo, kwa kuwa kasuku huruka kwa kwenda mbele. Nguzo zisimamishwe kila baada ya futi 3, maana wavu wa madukani huuzwa wenye upana wa futi 3, na kila kipande kitakutana na mwenziwe juu ya nguzo. Hapo hapana kipande kitakachopotea.

Hesabu ya wavu ni hii:

Upande wa kaskazini: vipande 4 vya futi 7, jumla futi 28.
Upande wa mashariki: vipande 2 vya futi 7, jumla futi 14.
Dari: vipande 2 vya futi 12, jumla futi 24.
Kibaraza cha mlango: vipande 3 vya futi 7 na kimoja cha futi 3, jumla futi 24.

Jumla ya yote ni futi 90. Nunua futi 100, na futi 10 zilizobaki ziwe za kupishanisha na za kutengeneza panapoharibika.

FEDHA ZITUMIKE HAPA

Wavu. Usinunue wavu wa kuku uliosokotwa, kwa maana kasuku huukata kwa mdomo na fungo huupasua kwa kucha. Nunua wavu mgumu uliochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi. Tundu la inchi moja humzuia kasuku asitoke, lakini halimzuii nyoka mwembamba wala panya kuingia. Wavu hupakwa zinki usipate kutu, na zinki ni sumu kwa ndege mwenye tabia ya kutafuna. Kwa hiyo, kabla ya kuupigilia, usugue kwa brashi ya waya mpaka matone yote yaliyoganda yabanduke, uoshe kwa siki, usuuze kwa maji mengi, kisha uache nje unyeshewe mvua majuma machache.

Msingi. Chimba futi moja na nusu pande zote mbili zilizo wazi, ujaze mawe na saruji, na uinue msingi huo kidogo juu ya ardhi. Sakafu iwe ya saruji, yenye mteremko wa kupeleka maji nje, na tundu la kutolea maji lizibwe kwa wavu. Panya na nguchiro huingia kwa kuchimba. Wakikuta saruji hurudi walikotoka.

Milango miwili. Mbele ya mlango wa ndani jenga kibaraza cha wavu cha futi 3 kwa 3, chenye mlango wake. Sharti ni moja: mlango wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza umefungwa. Mlango wa ndani uwe mfupi, wa futi 5 tu, na juu yake pawe na wavu. Kwa maana ndege aliyeshtuka huruka kwenda juu. Kila mlango uwe na komeo, na wa nje uwe na kufuli. Kasuku ni hodari wa kufungua ndoano na vitanzi, basi usivitegemee.

AKIBA IWEKWE HAPA

Nguzo. Hazihitajiki mbao za bei. Mivinje inayopandwa katika mashamba ya Kilifi na Malindi yafaa kabisa, na nguzo 8 zatosha. Wavu upigiliwe upande wa ndani wa nguzo, ili ndege asiufikie mti akautafuna. Watu wengi huzipaka nguzo oili chafu ya magari kwa ajili ya mchwa. Hapa usifanye hivyo, kwa kuwa mdomo wa kasuku hupenya katika matundu ya wavu. Badala yake, zisimamishe juu ya msingi wa saruji kwa vipande vya chuma, zisiguse udongo.

Paa. Makuti hushinda mabati kwa ubaridi na kwa bei. Funika futi 8 za upande wa magharibi, na uache futi 4 za upande wa mashariki wazi chini ya wavu, ndege apate kuota jua na kuoga mvua. Lakini makuti ni maskani ya panya na nyoka, na kasuku huyafumua. Kwa hiyo dari ya wavu ipite chini ya makuti yote, pasiwe na mwanya wa kidole. Wala usiweke chakula au maji chini ya sehemu iliyo wazi, kwa sababu kunguru hutua juu na kinyesi chao huleta maradhi.

Vituo vya ndani. Matawi ya mpera, mengine manene na mengine membamba, hutosha, na husaidia miguu isifanye vidonda. Weka moja juu upande huu na jingine juu upande wa pili, katikati pawe wazi, ili ndege alazimike kuruka. Vifuu vya nazi na makumbi ni vitu vya kuchezea visivyo na gharama. Avitafune apendavyo, uvibadilishe kila juma.

SIAFU

Adui huyu tumemtenga peke yake kwa sababu wavu haumzuii. Siafu wakiingia usiku katika nyumba ya ndege, hawaachi kitu ila mifupa. Jenga mfereji mdogo wa saruji kuizunguka nyumba yote, wa upana wa shibiri moja, na pale ukutani uzibe kila ufa kwa chokaa na saruji. Siku zote mfereji uwe mkavu, usizae mbu. Wakati wa mvua, mara siafu wanapoonekana mtaani, ujaze maji. Matawi ya miti yasiiguse nyumba, maana hayo ni madaraja. Tena liwepo sanduku la kumchukulia ndege, na azoezwe kuingia humo kwa hiari. Usiku wa hatari si wakati wa kumfukuza ndege gizani.

KAZI ISIYOKWISHA

Hewa ya bahari hula chuma. Kila juma wavu uoshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, na kila upepo unapogeuka, kusi kuingia na kaskazi kuingia, zunguka nyumba yote ukiushika wavu kwa mkono. Palipolegea pafungwe siku hiyo hiyo. Makuti yabadilishwe yanapoanza kupitisha mwanga.

Chakula kiwe matunda na mboga pamoja na nafaka: papai, embe, karoti na mchicha. Njugu zenye ukungu zitupwe, na parachichi lisiingie kabisa, kwa maana humwua kasuku. Na asikae peke yake kutwa nzima. Ikiwa hana mwenziwe, basi mwenye nyumba ndiye mwenziwe, naye ampe saa zake kila siku.

Siku ya kumhamisha usimfungulie ghafula. Weka tundu lake la zamani ndani ya nyumba mpya, mlango wake ukiwa wazi, umwache atoke apendapo. Wengine hutoka siku ile ile, wengine hukaa juma zima wakichungulia. Katika siku hizo, kabla hujalala, nenda na taa ukajaribu komeo zote mbili kwa mkono wako mwenyewe, usimtume mtoto.