Zebaki Moja, Sura Tatu

Ile maji mazito ya kungaa kama feza, ambayo wachimba zahabu wanaita merkire, ni zebaki. Iko na sura tatu, na kila moja inaingia mwilini kwa njia yake.

1. Mvuke. Wakati wanachoma zahabu iliyochanganywa na zebaki, mvuke unapanda. Hauonekani, hauna harufu. Mutoto anauvuta, unafika katika mapafu, damu na ubongo.

2. Chumvi. Iko ndani ya sabuni na mafuta fulani ya kungarisha ngozi. Inapita katika ngozi na kuharibu figo.

3. Ya samaki. Zebaki ikianguka mutoni, vijidudu vya matope vinaigeuza. Samaki wakubwa wanaokula wengine wanakusanya nyingi. Inapita kwa mama mpaka kwa mutoto tumboni. Kule Minamata, Japani, ugonjwa huu ulijulikana mwaka 1956. Wamama wengine hawakuonekana wagonjwa sana, lakini walizaa watoto wenye ubongo ulioharibika.

Basi mupimaji anauliza kwanza: ni sura gani? Mvuke na chumvi vinapimwa katika mukojo. Ya samaki, katika nywele ao damu. Mukojo ukiwa muzuri, ile ya samaki inaweza kubaki imejificha. Kwa hiyo umwambie muganga yote: kazi ya bwana, sabuni yako, chakula chako.

Usiache wachome zahabu nyumbani, wala kwa mbabula ya chakula. Acha mafuta ya kungarisha. Ndagala ni wadogo, wana zebaki kidogo: kula. Usikatishe maziwa ya mutoto kwa woga, uliza kwanza.